Sikuletwa

Kazi yangu ni mawe.
Kule Ndosho navunja volkano iliyopoa,
nauza kwa lori, na misingi mingi ya Katindo
inaujua mkono wangu.
Kwa hiyo Mchungaji alipofungua Yohana, sura ya nane,
niliwaza: huyu mama hapa Goma angekwisha.
Mji huu hakuna anayekosa jiwe.
Unainama tu.

Siku ile walisoma jina la Riziki.
Walilisoma kati ya tangazo la mchango wa mabati
na tangazo la mazoezi ya kwaya.
Ametengwa miezi sita. Asiikaribie meza ya Bwana.
Akainuka na kitenge chake cha kijani,
akapita katikati ya macho hadi benchi la nyuma,
wala hakumtaja mtu.
Mimi nilikuwa mbele, safu ya besi.
Tulipoambiwa tuimbe, niliimba.
Sauti haikukwaruza hata kidogo.
Hilo ndilo lililonitisha.

Mithali niliijua tangu shule ya Jumapili:
makaa kifuani, nguo itaungua;
asali mdomoni, mwishowe pakanga.
Nilidhani ni ya kuwatisha watoto
wanaolala chini ya mlima unaowaka usiku.
Nikangoja moto. Moto haukuja.
Nilikula, nililala, watoto walifaulu mtihani.
Kumbe yangu haikuwa mlima, ilikuwa mazuku,
ile hewa inayojilaza mabondeni,
haina moshi, haina harufu,
asubuhi unamkuta mbuzi amelala ubavu
kana kwamba amechoka tu,
nawe unaendelea kushuka
kwa sababu pua haikukuambia kitu.

Usiku nikairudia ile sura kwa tochi ya simu.
Walimleta mwanamke.
Kafumaniwa, wanasema, katika tendo lenyewe.
Na nani?
Nikapitisha kidole chini ya mistari kama mtoto wa darasa la kwanza.
Hayupo. Hakuna aliyemuuliza.
Labda alitokea uani, akichomekea shati.
Labda alikuwa palepale kwenye duara,
ameshika jiwe zuri,
mtu anayejua mawe.

Nikamwambia Katungu.
Sikumwambia vizuri, nilianzia kwenye bei ya saruji.
Yeye akaendelea kuchambua maharagwe,
tak, tak, mabovu kwenye kifuniko,
mpaka sinia likaisha.
Halafu akasema: "Kesho maji utachota wewe."
Alfajiri nikashuka Kituku na bidoni mbili,
wanawake wakanisogezea nafasi ziwani
bila kuuliza, wakijua.

Jumapili iliyofuata sikuvaa joho.
Nilisimama, nikataja jina langu lote,
la ukoo na la ubatizo,
nikasema adhabu yangu imekaa benchi la nyuma
na imevaa kitenge cha kijani.
Kimya.
Mzee Balume, mkubwa kuliko wote, akaitafuta fimbo yake,
akatoka nje polepole.
Akafuata mwingine.
Sikujua kama ni hasira au ni sura ya nane.

Nikaenda nyuma, nikakaa ncha ya pili ya benchi.
Riziki hakunitazama.
Hana deni la kunitazama.

Najiuliza Yesu angeandika wapi hapa kwetu,
ardhi hii ngumu haipokei kidole.
Angeinama muda mrefu, nadhani.
Angechubuka.
Naamini alichubuka.
Naamini nimesamehewa, nalisema kwa sauti ndogo,
kwa sababu neno linalofuata ni "nenda",
na kwenda ndiko kugumu.

Katungu ananiambia:
"Nilikusamehe Jumanne.
Jumatano ikanibidi nianze tena.
Maji ya jana hayasongi ugali wa leo."

Leo ni Alhamisi.
Bado giza. Nasikia anasogeza bidoni tupu
karibu na mlango.
Navaa viatu.